Taratibu Amefunga Duka Mchana

4 Februari

Babu yangu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Naitikia mwenyewe marahaba, maana najua utachelewa kujibu. Mimi mzima, ila miguu inawaka moto kwa kusimama. Juzi wodini tulizalisha pacha. Wa kwanza alitoka analia, wa pili alitoka kimya, akatutazama mmoja mmoja kama mkaguzi aliyekuja bila taarifa. Mama yao akasema, "Huyu ndiye atakayenisumbua." Mama mwenye nyumba wangu naye ameweka sheria mpya: hakuna kufua baada ya jua kuzama kwa sababu ndoo zetu zinapiga kelele. Nimemwambia ndoo hazipigi kelele, wapigao kelele ni watu. Tangu hapo hanijibu salamu.

Kwenu mvua imeanza? Mgongo wako je? Nisalimie wote wanaokuja kukaa kwenye benchi lako bila kununua kitu.

Sasa Babu, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Nimesikia unafunga duka mchana, tena si siku moja. Tangu nipate akili sijaona mlango ule umefungwa jua likiwa juu, isipokuwa siku tuliyomzika Bibi. Mji mzima unasema, kwa lile jina waliokupa: Taratibu amefunga duka mchana. Wanaitamka habari hiyo kama vile mto umebadili njia.

Unaumwa? Kama unaumwa, sema. Umri umekwenda, Babu, na mwili nao unahitaji mapumziko. Pengine wakati umefika wa kulifunga duka moja kwa moja, ukapumzike kwa baba. Chumba cha uani kipo, kina feni, na choo kiko karibu.

Nijibu upesi, usiwe Taratibu kwenye hili.

Mkeo mkubwa,
Mjukuu wako

---

27 Februari

Mke wangu,

Marahaba. Hii nimeiitikia mwenyewe, usinifanyie kazi yangu.

Mimi sijambo. Mgongo upo, haujaenda popote. Mvua imenyesha mara moja, ikatuma vumbi likalale, ikaondoka. Mwenye bucha amepata mjukuu wa kike, sasa kila anayenunua nyama lazima aangalie picha zake kwanza. Foleni imefika mpaka kwangu. Bi Vifungo anakusalimu. Unamkumbuka, yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara anayekuja kununua nyuzi. Amenipunguzia urefu suruali mbili.

Pale hospitali waliniambia mtapata likizo mara mbili kwa mwaka. Sijaiona hata moja. Lakini sikulaumu, kazi ni kazi.

Utasema nitumie simu. Ninayo, na inatosha. Ikilia nazungumza, na nikizungumza foleni nzima inasikia. Mambo ya nyumbani hayazungumzwi mbele ya watu wanaosubiri kiberiti. Barua ina adabu zake.

Haya, barua yako. Nimeisoma mara ya kwanza nikacheka. Nikasoma mara ya pili nikasema, hapa kuna watu wawili. Ndoo na mkaguzi, huyo ni wewe. "Umri umekwenda na mwili nao unahitaji mapumziko," huyo ni baba yako. Namjua mwanangu. Tangu mdogo akitaka jambo hulituma kwa mtu mwingine.

Mwambie aliyekutuma hivi. Nilianza na baiskeli, nauza chumvi na sindano nyumba kwa nyumba. Miguu ilipochoka nikapanga kibanda chenye dirisha moja. Bibi yako alikuja kununua sabuni, akasimama akatazama, akasema, "Umepanga vitu kama mtu anayehama." Akaingia ndani akavipanga upya. Hakutoka tena. Baba yako alijifunza kutembea kwa kushika magunia, kutoka gunia la mchele mpaka la maharage, na akianguka anaangukia unga. Mwaka ule wa sukari kuadimika, bibi yako aliipima kwa kikombe chake cha chai: tajiri kikombe, maskini kikombe, na mkubwa mmoja aliyekuja na gari akapewa kikombe akaambiwa asante kwa kuja. Nimewauzia watu nepi za watoto wao, nikawauzia watoto hao madaftari, nikawauzia shuka za harusi. Wengine nimewauzia sanda, nikafunga mzani kwa muda nikawasindikiza.

Mtu wa namna hiyo humweki chumba cha uani akatazame feni ikizunguka.

Siumwi. Bi Vifungo anasema hata nimenenepa.

Babu

---

15 Machi

Babu,

Shikamoo. Safari hii niitikie mwenyewe.

Sina habari nyingi. Mama mwenye nyumba amerudisha salamu, nusu nusu. Kuhusu likizo, tuiache kwanza.

Umenikamata. Ni kweli baba aliniandikia, na yale maneno ni yake, niliyanakili kama mwanafunzi mvivu. Nisamehe. Lakini Babu, hakuniandikia hayo tu. Aliniambia umenunua viatu vipya, vyeusi vya kamba, wewe uliyevaa makubazi hata siku ya kuhojiwa na mkuu wa mji. Aliniambia mwenye bucha alikukuta nyuma ya kaunta unasema peke yako: "La, hivyo si vizuri. Hebu tuanze tena." Aliniambia mtu alitaka chumvi ukampimia sukari, akakurudishia, ukampimia sukari tena. Na huo mlango wa mchana. Anakuja na gari lake la saruji, anakuta kufuli, anazunguka mtaa mzima hakuoni.

Mimi ni mkunga, lakini wodi ya wazee iko ukuta wa pili. Nawaona wanavyoanza. Huanza hivyo hivyo: kiatu, mlango, maneno ya peke yako. Mmoja alikuwa mwalimu, sasa ananiita kwa jina la dada yake, nami naitika. Siku hizi nikipita pale natazama chini.

Sikuambii ufunge duka. Hilo ni la baba. Langu ni hili: nenda ukapimwe. Hata kama hutaki kwa ajili yako, nenda kwa ajili yangu.

Na neno moja la pembeni. Barua yako ilikuwa na mgongo mara moja, mvua mara moja, na Bi Vifungo mara tatu ukihesabu suruali. Sijui kwa nini nimeliona hilo.

Mjukuu wako

---

2 Mei

Babu,

Hujajibu. Nimeandika kwa baba, naye kimya. Nimepiga simu dukani, inaita mpaka inakata. Dereva mmoja wa lori anayepita huko ameniambia duka limefungwa, si mchana tu. Asubuhi, mchana, jioni.

Kama umekasirika kwa yale niliyoandika, kasirika kwa maandishi. Hata mstari mmoja. Nimeomba ruhusa kazini, wameniambia nisubiri mwisho wa mwezi. Sitaweza kusubiri bila neno.

Nakuombea.

---

19 Mei

Mke wangu,

Nipo. Soma hilo kwanza, kisha kaa chini.

Nilipanda stuli kushusha boksi la mishumaa. Stuli ikaenda kwake, mimi nikaenda kwangu. Mguu haukuvunjika, uliteguka vibaya na kuvimba kama kiazi. Baba yako akaja, akanibeba mgongoni. Nakwambia kanibeba, mzee mzima, mbele ya benchi lote! Akanipeleka kwake, chumba cha uani. Miwani yangu ilibaki dukani, ndiyo maana sikuweza kujibu barua yako ya Machi, wala kusoma iliyofuata, mpaka nilipoletewa juzi. Baba yako alisema atakuandikia, akachelewa, na leo najua kwa nini. Alitaka kwanza jambo fulani liishe.

Feni ipo kweli. Inalia kama bata.

Daktari aliponitazama mguu nilikumbuka ombi lako, nikamwambia anipime na kichwa, mjukuu wangu ameagiza. Akaniuliza mambo mengi. Siku gani leo, mwezi gani, nihesabu kurudi nyuma. Nilihesabu mpaka akachoka yeye. Akasema, "Mzee, kichwa chako kizima kuliko changu." Basi hilo litoe moyoni. Babu yako hajapotea.

Sasa nitakwambia lililobaki, maana nimekunyima usingizi bure.

Mwisho wa mvua za mwaka jana Bi Vifungo aliugua homa ya mapafu. Watoto wake wako mbali, kama wewe. Siku tatu hakuja kununua nyuzi. Nikafunga mlango mchana, nikavuka barabara, nikamkuta amelala na kichwa juu ya gunia la vitambaa. Nikampikia uji. Uji wenyewe ulikuwa na madonge. Aliunywa, akasema, "Taratibu, hata mgonjwa ana haki zake." Kesho yake nikarudi na uji bora. Alipopona nikaendelea kwenda, sasa yeye ndiye anapika. Tunakula, tunazungumza, narudi kufungua. Ni hayo tu niliyokuwa nikiyafanya nyuma ya kufuli.

Halafu siku moja akafungua sanduku lake mbele yangu anatafuta mkasi. Ndani nyuzi! Nyekundu, bluu, za kijani, bado zina karatasi zake, za kushonea mji huu na wa jirani. Nikamtazama. Akafunga sanduku. Akasema, "Ulidhani nashona nini na nyuzi zote zile?" Mke wangu, miaka nimesimama nyuma ya kaunta najisifu kwamba najua mahitaji ya kila mtu.

Kwa hiyo yale maneno aliyoyasikia mwenye bucha yalikuwa ya kweli. Nilikuwa najaribu namna ya kumwambia. Kila nikianza nasikia haipendezi. Na yule wa chumvi alikuja katikati ya jaribio.

Nilimwambia, akakubali, na hapo ndipo nilipopanda stuli nikiwa na furaha kupita kiasi.

Baba yako hakujua. Bi Vifungo aliposikia nimeanguka akaja na chakula getini hapo kwa mwanangu. Nikamsikia baba yako: "Mzee amelala." Nikapiga kelele dirishani, "Sijalala!" Pale ikabidi aulize, na mimi nikaeleza. Akavua kofia, akaivaa tena. Akasema, "Baba, ukiwa na miaka themanini na kitu?" Nikamwambia, nikiwa na miaka hiyo hiyo, sina mingine. Akasema, "Nyumbani mwa mama yangu haingii mwanamke mwingine. Na huyo anataka duka." Akatoka. Tangu siku hiyo ananiletea chai, ananifunga bandeji, ananisaidia kuoga, wala hanitazami usoni.

Huyo ndiye mwanangu wa pekee. Sitaki kuoa kwa kumkanyaga. Na sitaki kumwambia mwanamke aliyekubali kwamba nimebadili nia kama mtu anayerudisha betri dukani.

Sijalala vizuri. Wewe ulilelewa na bibi yako, ulilala mgongoni kwake hapo hapo nyuma ya kaunta. Wewe ukikataa, nitakaa kimya na mambo yaishe. Usinifiche, nijibu kwa haki.

Babu

---

6 Juni

Mume wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimevaa kiatu kimoja. Nilipofika kwenye maneno ya daktari nikakaa sakafuni. Nikalia, nikacheka, mwenzangu akaja mbio akidhani nimefiwa. Nikamwambia, "Mume wangu anaoa." Akaanza kunipa pole.

Babu, miezi yote hii nilikuwa nimeshakuweka kitandani ukuta wa pili. Nilishachagua hata kitanda cha karibu na dirisha. Nilikuwa najiandaa kuitika jina la mtu mwingine. Na kumbe ulikuwa unakula chakula cha mchana! Sijui nikushukuru au nikufinye.

Umesema nikujibu kwa haki. Basi haki ni hii. Mstari ule wa "akakubali" ulinichoma. Niliona mikono ya Bibi ikipanga sabuni, nikaona mikono mingine. Nilikunja barua nikaingia wodini nikiwa nimekununia, na siku mbili sikuifungua. Nikwambie pia kwa nini siji likizo. Kile chumba cha nyuma ya duka bado ni chake. Kanga yake iko msumarini. Nikiingia nageuka mtoto anayemngoja atoke uani, na hatoki. Ni rahisi zaidi kubaki huku na kusema kazi nyingi.

Lakini siku ya tatu nikawaza: mimi nakikimbia chumba kile mara mbili kwa mwaka. Wewe umelala humo kila siku.

Nakuruhusu. Tena mwambie mke mwenzangu kwamba mimi ndiye mkubwa, zamu napanga mimi, na mgongo wako unapenda mto mmoja, si miwili.

Kwa baba nimeandika maneno machache tu. Nimemwambia kilichonitisha ni kukupoteza ukiwa bado hai, na kwamba sasa najua tulikokuwa tunakutafuta siko. Nimemwuliza yeye anaogopa nini. Hajajibu. Unamjua, atalituma jibu kwa mtu mwingine.

Ruhusa yangu imetoka. Nakuja mwishoni mwa Julai.

Mkeo mkubwa

---

8 Julai

Mke wangu mkubwa,

Marahaba. Mguu umepona, natembea bila fimbo, naibeba tu kwa heshima. Duka nimelifungua. Benchi limejaa, hakuna anayenunua. Mwenye bucha ameleta picha mpya za mjukuu, sasa ana jino. Ruhusa yako nimempelekea mhusika. Aliisoma mwenyewe, alipofika kwenye mito akaficha uso kwa kitambaa alichokuwa anashona.

Barua uliyomwandikia baba yako sijaiona, wala sitaki. Najua ilifika, kwa sababu siku iliyofuata alikuja dukani akaketi kwenye gunia. Hajaketi kwenye gunia tangu aote ndevu. Bi Vifungo alikuwa amesimama kwenye kaunta, akataka kuondoka. Nikamwambia akae.

Baba yako akasema, akinitazama mimi, "Baba, mimi sina ubaya. Ila nikiingia chumba cha nyuma bado namkuta mama. Akikaa mtu mwingine humo, nitamkuta wapi?"

Nimeuza kila kitu katika duka hili, jibu hilo sikuwa nalo.

Bi Vifungo ndiye aliyejibu. "Mwanangu, nani amekwambia nahamia humo? Chumba cha mama yako mwachie mama yako. Mimi nina nyumba yangu, nina cherehani yangu, na duka sijui hata mzani unavyoshikwa. Baba yako ndiye anayehamia kwangu."

Mimi mwenyewe nikashtuka! Hilo tulikuwa hatujaliongea. Nikasema, "Mimi nihame?" Akasema, "Ulitaka nikuoe halafu nikuache hapa na mishumaa?"

Nimelala nyuma ya duka hili tangu kichwa changu kilipokuwa cheusi. Nilitazama mlango wa chumba, nikatazama barabara. Si pana. Nikagundua kwamba nimekwisha kuivuka, bado mizigo tu.

Mtu akaja kutaka kiberiti, nikampa, akaondoka. Kisha baba yako akauliza, na safari hii alimtazama yeye: "Kwako kuna nafasi?"

"Vyumba viwili na baraza."

"Paa?"

"Linavuja upande wa jikoni. Naweka sufuria."

Akasema, "Baba hawezi kulala kwenye nyumba inayovuja." Akainuka, akajipangusa unga, akaenda zake bila kuaga. Tukatazamana mimi na Bi Vifungo, hatukujua tumekubaliwa au tumegombezwa.

Kesho yake asubuhi tulisikia gari. Alikuja na bati, mbao na ngazi yake ndefu. Akasalimu. Akapanda, akaanza kung'oa bati bovu na kulitupa uani. Alifanya kazi mpaka jua likapanda, jasho linamtiririka. Alipogonga bati la mwisho misumari ikamwishia mkononi. Bila kugeuka, akanyoosha mkono chini, akasema, "Mama, nipe misumari."

Alisikia alichosema. Sote tulisikia.

Bi Vifungo akapanda vidato viwili vya ngazi, akaweka misumari kwenye kiganja chake, mmoja mmoja. Baba yako akaitazama, akakunja mkono, akageuka akaendelea kugonga. Mimi nilikuwa chini, nimeshika ngazi. Nilikaza mikono tu ngazi isitetereke, maana aliyekuwa juu ni mwanangu.

Njoo salama. Kanga ya bibi yako iko pale pale msumarini, hakuna aliyeigusa, na ufunguo wa chumba nimempa baba yako. Chakula utakula ng'ambo ya barabara.

Mumeo uliyemgawa kwa hiari,
Babu